Hesabu za GRE: mtihani usiotoa alama za njia

Mwalimu wangu wa hesabu wa kidato cha pili alikuwa na kalamu nyekundu na swali moja: "Njia iko wapi?" Ukipata jibu bila kuonyesha njia, alama zinakatwa. Ukikosa jibu lakini njia ipo, unaambulia tatu kati ya tano. Tumekua hivyo. Kwa hiyo nilipokaa mbele ya kompyuta kufanya GRE, mtihani wa kuombea nafasi ya masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, mara ya kwanza, nikiwa nimeziaga hesabu tangu kidato cha nne na kukimbilia HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nilifanya kama nilivyofundwa. Swali la tenki linalojazwa na mabomba mawili lilinila dakika nne. Njia ilinyooka kama uzi, mstari chini ya mstari, alama za sawasawa zimepangana wima. Muda ulipokatika, maswali matatu ya mwisho yalikuwa meupe. Sikuyagusa hata kwa kubahatisha.

Kompyuta haikuuliza njia iko wapi. Inaona jibu tu, na jibu lililopatikana kwa kukisia vizuri lina thamani ileile ya lililopatikana kwa mistari kumi. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo.

Unachokwenda kukutana nacho

ETS, taasisi ya Marekani inayotunga GRE, iliufupisha mtihani huu Septemba 2023. Sasa wote unachukua saa 1 na dakika 58, na hesabu zimo katika mafungu mawili: la kwanza maswali 12 kwa dakika 21, la pili maswali 15 kwa dakika 26. Ukigawanya, swali moja lina dakika moja na kama sekunde 45. Alama zinaanzia 130 na kuishia 170.

Kuna kanuni tatu za kuingia nazo kichwani. Jibu la kosa halikupunguzii kitu, kwa hiyo swali tupu ni zawadi uliyoikataa. Ndani ya fungu moja unaweza kuliwekea swali alama, ukaendelea mbele, kisha ukarudi. Na ugumu wa fungu la pili unapangwa kutokana na ulivyofanya la kwanza, hivyo usiharakishe la kwanza ukidhani utafidia baadaye.

Mada zenyewe hazitishi: namba, sehemu, asilimia, uwiano, aljebra, jometri, takwimu, uwezekano. Hakuna trigonometria wala kalkulasi. Nyingi ulizisoma kati ya darasa la tano na kidato cha nne. Ugumu uko kwenye mitego, na kwenye Kiingereza chenyewe.

(Anayekwenda kusoma biashara akafanya GMAT ajue tu kwamba huko maswali ya hesabu ni 21 kwa dakika 45, kalkuleta hairuhusiwi kwenye fungu hilo, na jometri imeondolewa. Mengi ya humu yatamfaa vilevile.)

Hatua ya kwanza: soma kuanzia mkiani

Mafumbo ya GRE yana kawaida ya kuanza na hadithi na kumalizia na swali. Wewe anza na swali. Nenda sentensi ya mwisho, uone wanataka nini, kiandike kwenye karatasi kwa herufi chache: "bei ya ZAMANI", "idadi ya WATOTO", "asilimia ya KUONGEZEKA". Ndipo urudi juu kusoma hadithi.

Sababu ni hii. Watunzi wanajua utakosea wapi, na jibu la kosa lako wameshaliweka kwenye orodha. Ukitafuta x, ukaipata x, na wao waliuliza x + 3, utaikuta x imekaa pale inakusubiri. Utaibofya kwa furaha.

Mfano. Shati limepunguzwa bei kwa asilimia 15, sasa linauzwa shilingi 68,000. Bei ya zamani ilikuwa ngapi? Mkono unakimbilia kutafuta asilimia 15 ya 68,000, ambayo ni 10,200, kisha unajumlisha: 78,200. Jibu hilo halitakosekana kwenye orodha. Lakini asilimia 15 ilikatwa kwenye bei ya zamani, na siyo hii ya sasa. Elfu sitini na nane ni asilimia 85 ya kitu fulani. 68,000 gawanya kwa 0.85 ni 80,000. Ukiandika "ZAMANI" pembeni kabla ya kuanza, unajikumbusha kuuliza asilimia ni ya nini. Kwenye maswali ya asilimia, hilo ndilo swali la kujiuliza kila mara.

Maneno nayo yana miiba yake. Wengi wetu tulijifunza hesabu kwa Kiswahili hadi darasa la saba, tukaanza kuzisoma kwa Kiingereza kidato cha kwanza, na hapo katikati kuna vitu vilidondoka. Neno "integer" ni namba kamili: sifuri imo, na hasi zimo. Neno "positive" linaitoa sifuri. Sifuri ni shufwa. Moja siyo namba tasa. Mbili ni tasa, na ndiyo shufwa pekee iliyo tasa. Watunzi wanaipenda mno hiyo. Kisha kuna tofauti ya "200 percent of 50", ambayo ni 100, na "200 percent greater than 50", ambayo ni 150. Mtu anaweza kujua hesabu yote akaanguka kwa neno "greater" tu.

Hatua ya pili: chagua mlango wa kuingilia

Shuleni mlango ulikuwa mmoja: chukulia x, tunga mlinganyo, tafuta x. Ni mlango mzuri, usiutupe. Lakini ipo mingine mitatu, na mara nyingi ni mifupi. Kabla ya kuandika x, jipe sekunde tano za kuuliza kama kuna njia ya mkato.

*Weka namba yako mwenyewe.* Swali likiwa na herufi tupu, au likiwa na asilimia bila kiasi chochote, jaza namba. Bei imepanda kwa asilimia 20 kisha ikashuka kwa asilimia 20: anza na 100. Inakuwa 120, asilimia 20 ya 120 ni 24, inabaki 96. Imepungua kwa asilimia 4, hakuna haja ya kuandika p wala q.

Lile tenki langu la dakika nne lingeisha hivi. Bomba moja linajaza kwa saa 6, la pili kwa saa 4. Yote mawili kwa pamoja yatachukua muda gani? Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 6 na 4, kama tulivyoimbishwa darasani: 12. Basi sema tenki ni la ndoo 12. Bomba la kwanza linatoa ndoo 2 kwa saa, la pili ndoo 3. Kwa pamoja ndoo 5 kwa saa. Kumi na mbili gawanya kwa tano ni saa 2.4, yaani saa mbili na dakika 24. Zimepita sekunde 30, na sehemu hata moja hujaigusa. Bado inaniuma.

Maswali ya kubaki ni hayohayo. Namba ikigawanywa kwa 7 inabaki 4. Mara tatu ya namba hiyo ikigawanywa kwa 7 itabaki ngapi? Chukua 11, maana inabakiza 4. Mara tatu ni 33. Ondoa 28, imebaki 5. Kwisha. Uchague tu namba ndogo zisizo na utata. Epuka 0 na 1 hapa, kwa sababu zinafanya majibu mawili yaonekane sahihi kwa wakati mmoja.

*Anza na majibu.* Hii ni kwa swali lenye majibu matano ya namba. Kawaida yanapangwa kwa ukubwa, kwa hiyo jaribu la katikati kwanza. Tuseme kwenye mechi zimeuzwa tiketi 50, mkubwa shilingi 8,000 na mtoto 3,000, zikapatikana 290,000. Wakubwa walikuwa wangapi? Majibu: 20, 22, 25, 28, 30.

Jaribu 25. Wakubwa 25 ni 200,000. Watoto 25 ni 75,000. Jumla 275,000, pungufu kwa 15,000. Wengi hapa wangehamia kujaribu 28 na kupiga hesabu upya. Tulia kwanza, kosa lenyewe limekueleza jibu. Ukimtoa mtoto mmoja ukamweka mkubwa, pesa inaongezeka kwa 5,000. Unahitaji 15,000. Basi wabadilishe watatu: wakubwa 28. Na angalia ile 22 imekaa pale kwenye orodha: ndiyo idadi ya watoto, imewekwa kwa ajili ya asiyesoma kuanzia mkiani.

*Kadiria.* Majibu yakiwa yameachana sana, usipige hesabu kamili. Asilimia 19 ya 512 na majibu ni 27, 54, 97, 141, 203? Asilimia 20 ya 500 ni 100. Bofya 97 uende zako. Hapo ndipo mwalimu wangu wa kidato cha pili angezimia.

Aljebra ina siku zake pia. Kama ulichopewa ni milinganyo miwili yenye x na y, itatue. Ila kwanza tazama wanataka nini: wakitaka x + y, mara nyingi kuijumlisha milinganyo yenyewe kunaleta jibu kabla hujaijua x wala y. 3x + 2y = 19 na 2x + 3y = 16 ukijumlisha unapata 5x + 5y = 35, basi x + y ni 7.

Maswali ya kulinganisha: usipige hesabu, linganisha

Aina hii hatujawahi kuiona shuleni, na ndiyo iliyonipa alama nyingi zaidi nilipoielewa. Unapewa Kiasi A na Kiasi B. Majibu ni manne na hayabadiliki: A ni kubwa, B ni kubwa, vinalingana, au, jibu la nne, haiwezekani kujua kwa taarifa zilizotolewa. Yakariri majibu haya nyumbani usije ukayasoma upya kila swali.

Huulizwi kila upande ni ngapi. Unaulizwa upi ni mzito. Mwenye mizani hahitaji kujua gunia lina kilo ngapi, anatazama tu mkono umeinama wapi.

Kiasi A ni 58 × 62, Kiasi B ni 60 × 60. Namba mbili zenye jumla moja zikizidishwa, zilizo karibu zaidi ndizo hutoa kubwa. B. (Ukitaka hakika: 60² toa 2², yaani 3,596 dhidi ya 3,600.) Kiasi A ni 17/29 + 3/8, Kiasi B ni 17/29 + 0.37. Futa 17/29 pande zote, usiitafute hata kidogo. 3/8 ni 0.375, basi A. Kiasi A ni asilimia 37 ya 84, Kiasi B ni asilimia 84 ya 37. Pande zote ni 37 × 84 gawanya kwa mia. Vinalingana, na kalkuleta hujaigusa.

Unaruhusiwa kujumlisha au kutoa kitu kilekile pande zote mbili. Kuzidisha au kugawanya kwa herufi ndiko kwenye hatari, kwa sababu kama herufi hiyo ni hasi mizani inageuka, na kama ni sifuri hakuna mizani. Usigawanye kwa x mpaka ujue alama yake.

Sasa herufi. Kiasi A ni n², Kiasi B ni n³, na hujaambiwa chochote kuhusu n. Weka 2: nne dhidi ya nane, B. Watu wengi huishia hapo. Weka 1: zinalingana. Tayari umepata matokeo mawili tofauti, jibu ni la nne, acha kuhesabu. Lakini kama juu wameandika kwamba n ni kubwa kuliko 1, jibu ni B bila ubishi. Na kama wameandika n iko kati ya 0 na 1, weka nusu: robo dhidi ya moja ya nane, basi A. Viasi ni vilevile, na sharti la neno moja limetoa majibu matatu. Sharti hilo lililoandikwa juu kwa herufi ndogo ndilo swali.

Kwa hiyo nina mlolongo ninaoufuata kila herufi inapotokea: namba ya kawaida kwanza, kisha sifuri, moja, hasi, nusu. Lengo la jaribio la pili ni kulivunja jibu la kwanza. Ukijaribu 2, halafu 3, halafu 5, hujajaribu kitu. Umejaribu namba ileile mara tatu.

Kinyume chake, pande zote zikiwa namba tupu, bila herufi wala umbo, jibu la nne haliwezekani kabisa. Namba ina thamani yake, iwe unaijua au huijui. Hata ukibahatisha, bahatisha kati ya matatu.

Moja la mwisho katika aina hii, kwa sababu lilinifundisha kuogopa tarakimu moja. Mstatili una mzingo wa 40. Kiasi A ni eneo lake, Kiasi B ni 100. Mstatili wa mzingo huo unapata eneo kubwa kuliko yote ukiwa mraba, 10 kwa 10, eneo 100. Na mraba nao ni mstatili. Basi eneo linaweza kuwa 100, au pungufu: jibu la nne. Badilisha Kiasi B kiwe 101, na sasa B ni kubwa daima.

Maumbo: usiyaamini macho

Michoro ya jometri haichorwi lazima kwa vipimo halisi. Kinachoonekana pembe mraba siyo pembe mraba mpaka kuwe na kialama chake au imeandikwa. Pembetatu yenye pande 5 na 12, imechorwa imesimama wima, Kiasi A upande wa tatu, Kiasi B 13: mwanafunzi wa Pythagoras ataruka na kusema vinalingana. Hakuna aliyesema kuna pembe mraba. Upande wa tatu unaweza kuwa wowote uliozidi 7 na usiofika 17. Jibu la nne.

Dawa ni kuchora upya kwenye karatasi yako, tena kwa kulipotosha umbo makusudi: livute, lilaze, liminye, uone nini kinabaki vilevile. Grafu za takwimu na michoro yenye mhimili wa x na y ni tofauti, hiyo inachorwa kwa vipimo na unaweza kuikadiria kwa macho.

Ya kukariri ni machache: 3-4-5, 5-12-13, 8-15-17, pembetatu ya nyuzi 45-45-90 ambayo pande zake ni 1, 1 na kipeuo cha pili cha 2, ya 30-60-90 ambayo ni 1, kipeuo cha pili cha 3, na 2, eneo na mzingo wa duara. Mengine yanajengwa kutokana na hayo.

Takwimu na uwezekano

Swali la wastani likikukwaza, geuza wastani kuwa jumla. Wastani wa namba tano ni 18, wastani wa nne kati yake ni 16, ya tano ni ngapi? Jumla ya tano ni 90, jumla ya nne ni 64. Jibu ni 26. Mwendo wa wastani nao una mtego uliozeeka: umekwenda kwa kilomita 60 kwa saa, umerudi njia ileile kwa 40. Siyo 50. Weka umbali wa kilomita 120: saa mbili za kwenda, saa tatu za kurudi, kilomita 240 kwa saa tano, ni 48. Umetumia muda mrefu zaidi ukitambaa, kwa hiyo wastani unavutwa chini.

Kuhusu mtawanyiko wa namba kuzunguka wastani, ambao kwenye mtihani unaitwa "standard deviation", ni nadra kutakiwa kuupiga hesabu kamili. Elewa tu tabia yake. Ukiongeza 10 kwa kila namba, mtawanyiko haubadiliki, kundi zima limehama pamoja. Ukizidisha kila namba kwa 2, mtawanyiko unazidishwa kwa 2.

Kwenye majedwali na chati, soma kichwa, vipimo na maandishi madogo ya chini kabla ya swali lolote, maana ni hapo panapoandikwa kwamba namba ziko katika maelfu. Mauzo yakitoka 41 kwenda 59, ongezeko ni 18 juu ya 41, kama asilimia 44. Anayegawanya kwa 59 anapata kama 31, na jibu hilo litakuwepo. Na kitu kikitoka asilimia 20 kwenda asilimia 25, kimeongezeka kwa asilimia 25.

Uwezekano: ukiona maneno "at least one", hesabu uwezekano wa kutopata hata moja, kisha uutoe kwenye 1. Kapu lina machungwa 10, matatu mabovu, unachukua mawili. Uwezekano wa kupata angalau moja bovu? Yote mawili kuwa mazima ni 7/10 × 6/9, yaani 42/90. Toa kwenye 1, inabaki 48/90, ambayo ni 8/15. Njia ya mbele ingekulazimisha kuhesabu hali tatu: bovu-zima, zima-bovu, bovu-bovu.

Vitufe, visanduku na karatasi

Majibu yenye viduara yanataka jibu moja. Yenye visanduku vya mraba yanaweza kuwa na moja, mawili au yote, na ukiacha moja lililo sahihi umekosa swali zima, hakuna nusu alama. Kwenye swali la kuandika jibu mwenyewe, sehemu si lazima uirahisishe: 48/90 inapokelewa sawa na 8/15. Usipoteze sekunde kuikata.

Kalkuleta ipo kwenye skrini, ya kawaida, yenye kipeuo cha pili na mabano. Inafuata mpangilio wa matendo, na hapa wenye MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kichwani tuelewane. Ile "ju" kabla ya "to" imewaponza wengi: 10 − 3 + 2 siyo 5, ni 9. Kujumlisha na kutoa ni cheo kimoja, unatoka kushoto kwenda kulia. Kalkuleta inalijua hilo, mkono wako ndio unaoweza kusahau. Itumie kwa kugawanya kubaya na kuzidisha namba ndefu tu. Ukijikuta unaifungua kila swali, kuna njia ya mkato unayoipita bila kuiona.

Kituoni unapewa karatasi za kufanyia hesabu. Ukifanyia nyumbani, karatasi ya kawaida iliyo wazi hairuhusiwi: unatumia ubao mdogo mweupe, au karatasi moja iliyo ndani ya plastiki angavu, na kalamu ya kufutika. Jizoeze na chombo utakachotumia siku yenyewe. Kufutafuta kwa kidole ni ujuzi wa peke yake.

Saa

Pita fungu mara mbili. Mara ya kwanza, fanya unayoyaona njia yake ndani ya sekunde 20. Lisiloonyesha mlango, bofya jibu lolote, liwekee alama, songa. Mara ya pili rudi kwenye yenye alama, ukianzia lile lililokaribia kukubali. Maswali yote yana uzito mmoja ndani ya fungu. Swali la tenki la dakika nne halina alama nyingi kuliko lile la asilimia 19 ya 512. Dakika ya mwisho hakikisha hakuna tupu.

Daftari la makosa

ETS inatoa bure mitihani miwili kamili ya majaribio kwenye kompyuta, inaitwa POWERPREP, pamoja na kitini cha kurudia hesabu zote zinazohitajika. Usiimalize yote miwili wiki ya kwanza. Fanya mmoja mwanzo kujua ulipo, wa pili uuweke hadi siku kama kumi kabla ya mtihani.

Katikati ni mazoezi na daftari. Kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa zaidi ya dakika mbili, linaandikwa. Usinakili suluhisho lote, andika mstari mmoja: nilikosa kwa nini. Usiandike "uzembe", neno hilo halikufundishi kitu. Andika "sikujaribu hasi", "niligawanya kwa bei mpya", "nimejibu watoto badala ya wakubwa", "nilitunga mlinganyo wakati majibu yalikuwepo". Baada ya siku tatu funika maelezo, ulifanye tena swali lilelile kuanzia mwanzo, ukiwa na saa mezani.

Daftari langu la mara ya pili lilikuwa na makosa 112. Nilipoyapanga kwa aina, 39 yalikuwa ya kusahau kujaribu sifuri, hasi au nusu, na 31 ya kujibu kitu kisichoulizwa. Ya kutojua hesabu yenyewe yalikuwa 14. Kwa hiyo wiki mbili za mwisho sikusoma mada mpya hata moja. Nilifanya maswali ya kulinganisha, ishirini kila usiku baada ya chakula, na juu ya kila ukurasa nimeandika: 0, 1, −2, ½.